Unga Mweusi Aliouchukua Mtani

Mie ni mtu wa hasira za karibu na sina sababu ya kulificha hilo. Nikiudhika nasema, nikishasema nimepoa, jioni nakula na wewe sahani moja. Lakini kuna jambo moja nimelisema kwa kila mtu aliyekubali kunisikiliza, toka Mbagala hadi Msasani, na mpaka leo bado nalisema. Halipoi kwa sababu kila ninayemsimulia anacheka.

Jambo lenyewe ni unga. Unga mweusi, mwepesi, ukipumua karibu nao unapaa na kukuganda puani. Ule unga nilioutengeneza mie. Nilitaka watu wajue hivyo basi, kwamba ni wangu. Sikuomba kingine, na hichohicho ndicho nilichonyang'anywa.

Nilisoma kemia chuoni, nikakaa hosteli za Mabibo, na mwaka wa mwisho nikapenda betri. Wenzangu walipenda watu, mie nikapenda betri. Ndani ya betri kuna pande mbili zinazopokea na kutoa chaji, tunaziita elektrodi, na betri inakuwa nzuri au mbovu kutegemea hizo elektrodi umezitengeneza kwa kitu gani. Siku hizi kila mtaalamu anaizungumzia grafini, yaani kaboni iliyolala kama karatasi, nyembamba kupita wembamba wowote unaoufikiria. Inapitisha umeme vizuri ajabu. Ila ina tabia moja mbaya: karatasi zake zinapendana mno. Ukiziacha zinalaliana na kugandana kama chapati zilizorundikwa zikiwa za moto, na zikishagandana chaji haina pa kupita. Kwa hiyo unatafuta grafini yenye matundu, tena matundu yanayobaki wazi baada ya kila kitu. Hapo kwenye kubaki wazi ndipo watu wanapozeekea.

Mtu wa kuhangaika naye nilimpata hukohuko Mabibo. Yeye Mnyamwezi wa Urambo, mie Mzaramo wa hapahapa. Kwa asiyetujua niseme tu kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani wetu si wa kuchekeshana peke yake. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na hununi. Anaingia jikoni kwenu anafunua sufuria. Msibani ndiyo usiseme: nyie mnalia, wao wanazuia jeneza mlangoni wakidai jogoo, wanabeba vyombo, wanaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na mnajikuta mnacheka huku machozi yanatiririka. Tumelelewa hivyo na wala hatuoni ajabu. Siku ya kwanza aliponisikia naongea kwenye foleni ya chakula aliniuliza, "We mtumwa wangu, nani kakuruhusu kutoka Uzaramoni?" Nikamwambia atue mzigo kwanza kichwani ndiyo aongee na mie, maana babu zake ndio waliokuwa wapagazi wa misafara. Urafiki ukaanzia hapo.

Baba yangu alimpenda kuliko alivyowapenda wapwa zake. Kila akija nyumbani baba anamuuliza kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, "Mpagazi, mzigo umeufikisha?" Naye anajibu, "Nimeuuza njiani, mtumwa wangu." Baba hoi kwa kicheko, kila mara, kama ndiyo kwanza analisikia. Mama anatikisa kichwa na kuleta wali. Mie ni mtoto wa pekee, na kwa miaka ile nilijiona kama nimepata kaka.

Tulipomaliza chuo ajira hatukupata, tukasema tusikae tu. Kipawa kuna fundi wa meno bandia mwenye tanuri dogo linalofika joto kali, na Jumapili alikuwa halitumii, akaturuhusu. Mwalimu wetu mmoja wa zamani akakubali tupimie chuoni. Tukagawana kazi. Yeye akashika moto na vipimo, mie nikashika kuchanganya, kuosha na kukausha, kwa kuwa kwetu Mbagala tulikuwa na mapipa ya maji ya mvua na bomba la Kipawa lilikuwa likitoa pumzi tupu. "Kufua ni kazi yako, mtumwa wangu," alisema. Nikacheka. Hakuja hata siku moja kuona ninavyofua.

Wazo lilitoka jikoni kwa mama. Mama anapenda papa, yule papa mkavu wa chumvi, na kabla ya kumpika anamroweka. Anamwaga maji, anatia mengine, anamwaga tena. Siku moja alinituma nimkamue. Nikamshika, nikaona nyama yake ina vijitundu, inabonyea na kurudi. Chumvi ilikuwa imeondoka na nafasi zake zimebaki. Nilisimama pale na papa mkononi mpaka mama akasema, "Mtu gani wewe unamtazama papa kama mchumba?"

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kipawa na chumvi ya mawe niliyoisaga mpaka ikawa vumbi. Tukaichanganya na sukari, tukaitia kwenye kikombe cha udongo, tukakizika kikombe ndani ya unga wa mkaa ili hewa isifike, tukawasha. Moto mkali, ila usifikie kuyeyusha chumvi. Sukari inaungua na kuwa kaboni nyembamba, inaifunika kila punje ya chumvi kama nguo. Ukiosha, punje inayeyuka na kwenda zake, nguo inabaki. Wapenda ubishi watasema hiyo si grafini hasa, ni kaboni iliyo njiani kuelekea kwenye ugrafini. Sawa, wabishe. Kwenye betri ilifanya kazi.

Tena haikufanya kazi mara moja. Kila nilipokausha, unga ulisinyaa ukawa vipande vigumu, matundu yote yamejifunga. Nililia kwa hasira, mama akidhani ni mambo ya mwanaume. Baadaye nikang'amua kwamba mwenye kosa ni maji yenyewe: yakiwa yanaondoka yanazivuta kuta za yale matundu zinagusana, na zikigusana ndiyo basi. Nikawa nikishaosha kwa maji naosha tena kwa spiriti, mara kadhaa, mpaka spiriti imechukua nafasi yote ya maji, maana yenyewe haivuti kwa nguvu kama maji. Ndipo naanika kivulini. Nilipompelekea ule uliotoka vizuri nikamwambia, "Safari hii haukusinyaa." Akautikisa ndani ya chupa, akasema, "Umejua kufua sasa." Akaenda kupima.

Alinipigia simu akiwa chuoni. Betri ile ya majaribio aliichaji na kuimaliza, akaichaji na kuimaliza, na uwezo wake ulikuwa haupungui. "Mtani, haushuki," alisema. Akasema tena, taratibu, bila mzaha wowote, "Nakwambia haushuki." Nilikaa chini palepale kwenye ngazi ya duka la watu. Sijawahi kupata furaha ya namna ile, na niseme ukweli, nilifurahi zaidi kwa kuwa nilikuwa nayo pamoja na yeye.

Tulitengeneza mwingine, tukajaza chupa kubwa ya kioo yenye ufa kwenye mfuniko. Ilikaa chumbani kwangu, kwenye kabati juu ya nguo, kwa sababu paa la Kipawa lilikuwa likivuja. Mpango wetu ulikuwa tutafute kampuni au taasisi, twende wote wawili, tueleze wote wawili. Halafu baba akaugua ghafla, na kabla hatujajua ni ugonjwa gani tukawa tunamzika.

Watani walifika mapema, na yeye ndiye aliyekuwa mbele yao. Walizuia jeneza mlangoni mpaka mjomba akatoa jogoo. Mmoja alivaa kofia ya baba akatembea kama baba, kifua mbele, mikono nyuma, na uani kote watu wakashindwa kujizuia. Mara namwona mwenzangu anatoka chumbani kwangu na ile chupa kichwani. Alikuwa akiimba kwamba huu ndio urithi wake, kwamba mtumwa akifa mali yote ni ya bwana wake. Watu wakanigeukia, wanasubiri. Mtani akikufanyia hivyo lazima umjibu, usipomjibu msiba unakuwa mzito kwa kila mtu. Nikasema kwa sauti, "Chukua, mtumwa wangu. Chukua wote, na nyumba chukua, na mie nichukue." Uani wakaangua kicheko. Nilicheka na mie, na kimoyomoyo nilimshukuru, kwa sababu tangu alfajiri ile ndiyo kwanza nilikuwa nimevuta pumzi ikafika chini.

Vitu walivyobeba vilikombolewa kama desturi ilivyo. Masufuria yalirudi, kofia ya baba ilirudi. Chupa sikuikomboa. Niikomboe ya nini, kwani iko kwa nani? Ilikuwa kwa mwenzangu, na kule kwake hakuvuji.

Mama akaingia eda, na mie nikabaki naye ndani. "Pumzika," mtani aliniambia. "Msiba kwanza. Unga hauna miguu." Alikuwa akija kila mara, mkononi sukari au majani ya chai, anakaa barazani na kuzungumza na mama aliyekuwa nyuma ya pazia. Mie niko uani nafua, nasikia sauti zao bila kusikia maneno. Nilimwambia jirani yetu kwamba yule kijana amelelewa. Kwa kinywa changu hiki.

Jirani huyohuyo ndiye aliyeniletea simu siku moja nikiwa natia nazi kwenye maharage. "Si mtani wenu huyu?" Nikafuta mikono, nikatazama. Ilikuwa video ya hafla. Kampuni moja ya Msasani inayounda pikipiki za umeme ilikuwa imewaita watu kuwaonyesha kijana mbunifu wa betri. Alikuwa amevaa koti ambalo sikulijua. Mezani mbele yake ilikuwepo chupa yangu, ileile yenye ufa kwenye mfuniko. Nataka nieleweke hapa: sikukasirika. Nilijilazimisha kufurahi. Nikajisemea kaanza bila mie kwa sababu ya eda ya mama, asingeweza kuwaambia wale wenye kampuni wasubiri, sasa hivi atanitaja.

Wakamuuliza wazo alilipata wapi. Akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo, akasema mama yake mzazi alikuwa akiroweka papa. Kwamba siku moja alitumwa kumkamua, akaona vijitundu pale chumvi ilipokuwa. Kwamba mama yake alimwambia, mtu gani wewe unamtazama papa kama mchumba. Ukumbi mzima ukacheka, wakapiga makofi.

Papa, jamani. Mama wa Urambo papa kamwona wapi? Yule mama namjua, nimelala kwake, kanipikia uyoga na kuku na kunifungia asali ya kuja nayo. Aliniuliza kama ni kweli maji ya bahari hayanyweki. Nilimrudishia jirani simu yake nikaendelea kukoroga maharage mpaka yakashika chini. Kama angechukua unga tu, wallahi, ningegomba naye na ningetengeneza mwingine. Alinichukulia mama yangu, jikoni kwake, na maneno yake mdomoni.

Nilimpigia. Akapokea kwa kicheko. "Mtumwa wangu, umeniona kwenye koti?" Nikamuuliza mbona hakunitaja. Akasema, "Si ulinipa? Mbele ya watu wote, msibani kwa mzee. Ulisema chukua wote." Akacheka tena. Nikangoja. Nilijua akimaliza kucheka atasema lile neno jingine, maana watani wakishataniana huwa kuna mahali wanaacha, sauti inashuka, mnaongea. Nilingoja pale hadi akasema, "Basi mtani, niko kazini," akakata.

Nikaenda Msasani. Alinipokea dada mmoja wa ofisi, mpole, akanipa maji baridi, akanisikiliza. Nikaeleza chumvi, sukari, tanuri la Kipawa. Akasema wanamjua msaidizi, mwenzangu amewaambia kuna ndugu alikuwa akimsaidia kuosha. Msaidizi wa kuosha, ndiyo mie. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu asiyependa ugomvi, "Ila ametueleza kwamba hata ile sampuli ulimkabidhi mwenyewe, na mashahidi wapo."

"Ule ulikuwa utani," nikamwambia. "Ni mtani wangu. Ilikuwa msibani."

"Kwa hiyo hukumpa?"

"Nilimpa kwa utani."

"Lakini ulitamka kwamba achukue."

"Nilitamka. Nilisema na nyumba achukue, mbona hajahamia?"

Yule dada akajikaza asicheke, nikamwona kabisa anavyojikaza. Akaniambia pole na msiba. Nilitoka pale, na nje jua kali, na magari makubwa ya watu yanapita taratibu.

Nikabaki na wazee. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyesimamia msiba, na mjini hapa yuko mzee mmoja wa Kinyamwezi aliyekuwa mtani mkubwa wa baba. Nikawaweka pamoja kwa mjomba, Temeke, nikaeleza toka mwanzo. Walinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye chupa kichwani. Hapo yule mzee akaanza kucheka kwa kukumbuka, mjomba naye akaingia, wakawa wanasimuliana wao kwa wao nani alivaa kofia na nani alilala mlangoni. Mjomba alipotulia akaniambia, "Mwanangu, unataka tukae kikao kwa sababu mtani kachukua kitu msibani? Tukisikika hadi Kisarawe watatucheka."

"Mjomba, amesema papa ni wa mama yake."

"Si ndiyo utani wenyewe huo?"

Yule mzee akaongeza kwamba nikimchukia mtani nitakuwa nimemchukia na baba yangu, maana yeye ndiye aliyemkaribisha. Alisema kwa upole, akanishika bega. Nilimuaga kwa adabu, nikaenda kulia chooni kwa mjomba.

Nilifikiri nimefika mwisho wa kuumizwa. Niliporudi Mbagala nikamwonyesha mama ile video, jambo nililokuwa nimeliahirisha kwa kuwa mjane ana yake ya kutosha. Mama alitazama yote, simu kaishika mbali kama wafanyavyo watu wa umri wake. Halafu akasema, "Kumbe ndiyo maana alikuwa akiuliza."

"Akiuliza nini?"

"Papa. Alikaa hapo barazani akaniuliza nilikwambiaje siku ile. Namroweka muda gani, maji nayabadilisha mara ngapi, wewe ulisimama vipi. Aliuliza yote. Nikamweleza, si mtani mwenyewe huyu, nikajua anataka kunisahaulisha."

Yaani zile siku. Ile sukari, yale majani ya chai. Mama yangu yuko ndani na nguo za eda, mume wake hana hata siku nyingi ardhini, na huyu kaketi nje ya pazia anajifunza hadithi ya kwenda kusema ukumbini. Mie niko uani namsifu kwa jirani. Niliichukua simu nikaizima. Hilo la pazia ndilo lililonimaliza, na kama kuna mtu anayeona ni la kuchekesha aje anieleze.

Baada ya hapo zikaanza kuja meseji. Kwanza za kutania, halafu fupifupi. Mtani, uliufuaje? Mtani, huu mpya unasinyaa. Mtani, wanataka mwingine na chupa inaisha. Mwalimu wetu wa zamani, ambaye hakutaka kuingia kati yetu, aliniambia kwamba betri zinazopimwa sasa zinashuka uwezo vibaya, na wale wa Msasani wameanza kuchoka. Nikikaa kimya, ule unga unakufa na hakuna atakayekumbuka kwamba uliwahi kuwepo. Nikisema, unaishi, ila unaishi kwa jina lake na papa wa Urambo. Niliyawaza hayo mawili nikifua, nikipika, nikiswali. Sikumjibu.

Siku ya mama kutoka eda tulisoma dua nyumbani, ndugu wakaja, mjomba akaja, yule mzee mtani wa baba akaja. Mama alivaa gauni jeupe, akakaa kwenye mkeka uani, akionekana mdogo kuliko nilivyokuwa nimemzoea. Wali ulikuwa tayari haujapakuliwa. Ndipo nikasikia kutoka mlangoni, "Watumwa wangu hamjambo humu ndani? Bwana wenu kafika na mmekaa tu?"

Alikuwa na ndoo ya asali mkononi. Watu wote wakafurahi, wakanigeukia kama walivyonigeukia msibani. Nilikuwa nimeshaamua nitakalofanya. Nikamwendea nikamwambia, "Karibu sana, kaka. Habari za kutwa? Pole na safari." Nikamletea kiti. Kwa mtu wa pwani hii hakuna tusi kubwa kwa mtani kupita hilo, kumpokea kwa heshima kama mgeni usiyemjua. Mjomba akanikazia macho. Yule mzee akaacha kuvua kofia yake. Na mtani mwenyewe, nilimwona uso ukimlegea kwa mara ya kwanza, nikasema moyoni, sasa umeelewa. Sasa hata mtu mmoja ameelewa.

Akajaribu tena, sauti imepungua. "Mtumwa wangu, mbona hivyo? Mie nimekuja na shida. Unga wangu unanisinyalia. Hebu mwambie bwana wako unavyoufua."

Unga wangu, alisema. Mbele ya mama, uani kwa baba. Hasira zote nilizokuwa nimezikunja zikapanda. Nikamtazama usoni na nikamwambia polepole, neno kwa neno, bila kutabasamu hata chembe, "Kamuulize mama yako wa Urambo. Si ndiye anayeroweka papa?"

Nilitaka limkate. Nilitaka likate na wote waliokuwepo, wajue. Lakini walipumua kwa pamoja, kisha wakaangua kicheko ambacho sijakisikia nyumbani kwetu tangu baba akiwa hai. Mjomba alipiga paja lake. Yule mzee alisema, "Amempata, amempata leo," akifuta macho. Mtani mwenyewe alicheka mpaka akaishika ndoo kwa mikono miwili isimwagike, akasema, "Umeniweza, mtumwa wangu." Utani umerudi, ndivyo walivyoona wao. Nikafungua mdomo niwaambie kwamba sitanii, kwamba nasema kweli, kwamba huyu mtu ameniibia.

Halafu nikamwona mama. Alikuwa ameegemea ukuta, mtandio umemwangukia mabegani, anacheka. Anacheka kwa mwili mzima, mkono mmoja tumboni, kama alivyokuwa akicheka zamani baba akimwita mtu mpagazi. Tangu tumzike baba sikuwa nimeisikia sauti ile, na kuna usiku niliamini sitaisikia tena.

Yale maneno nilikuwa nayo yote ulimini. Nikayameza. Nikaenda kuchukua jagi na beseni, nikaanza na mtani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa karibu na mama. Nilipokuwa namnawisha aliinama na kuninong'oneza, na sasa hakuwa akicheka, "Dada, kweli kabisa. Uliufuaje?"

Nikamwambia asogeze mikono kwenye beseni, maji yanamwagika chini.